Chekeche la Nyumba ya Suluhu

Mbonea Msangi alipaza sauti mpaka kioo cha chumba chekundu kikatetemeka.

"Mwambieni huyo Mchaga! Hiyo theluji anayoipandisha mlimani, siku moja ataikata vipande aiuze kwa kilo, na mimi mwenyewe atanitoza kiingilio nikitaka kuitazama!"

Upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha bluu, mkewe Aikande alisikia sauti ya mumewe ileile, nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, ila imetulia kama maji ya mtungini. Ilimwambia: "Ninaomba tuzungumzie kipato chako cha kazi ya mlimani."

Aikande akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Tuzungumze."

Katikati ya vyumba hivyo viwili, nyuma ya meza yenye taa ndogo za kijani, Mhandisi Atupele Mwakalinga alitabasamu. Yeye pia hakuyasikia ya theluji kuuzwa kwa kilo; alisikia ombi la adabu tu. Lakini aliiona taa ya pumba ikiwaka na kuzimika, akajua kwamba mwanawe amefanya kazi. Ndivyo alivyokiita chombo hicho moyoni. Mwanawe wa kwanza alikuwa Lusajo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kupanga maneno. Wa pili alikuwa Chekeche.

Chekeche lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Lilikaa ndani ya sikio, likiongozwa na akili unde iliyosikia neno kabla ya sikio kulisikia. Mtu akisema, Chekeche lilichukua maneno yake na kuyapepeta kama mama anavyopepeta unga. Matusi, kejeli, masimango na laana vilibaki juu. Maana ilianguka chini, ikavishwa sauti ya msemaji mwenyewe na kumfikia msikilizaji ikiwa safi. Kilichobaki juu kiliitwa pumba. Pumba hazikuhifadhiwa popote, kwa kuwa sheria ilikataza. Taa tu ilionyesha wingi wake. Viwili tu havikuchekechwa: maneno ambayo mtu aliyasimulia kuwa yamekwisha kusemwa, kwa kuwa hayo ni ushahidi, na kitisho cha kumdhuru mtu. Mtu akitisha, milango ilijifunga na walinzi wakaitwa.

Tangu Nyumba ya Suluhu ya jiji la Moshi ianze kulitumia, hakuna mama aliyetoka pale akilia barazani, wala baba aliyetoka akipiga mlango kwa teke. Wenzi walioshindwa kukaa pamoja waliingia, wakavaa, wakazungumza, na karani-mashine akawaandikia mkataba wa kutengana kipengele kwa kipengele. Bi. Rukia Kimweri, msuluhishi wa familia aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za kelele, alisema presha yake ilishuka mpaka daktari akamwuliza anakunywa dawa gani.

"Nikamwambia, dawa ninaitia sikioni," alipenda kusimulia, huku akimgonga Atupele begani. "Na aliyeitengeneza ni binti huyu hapa, wa Tukuyu."

Atupele aliona fahari, na hakuificha. Alipokuwa mdogo aliwasikia wazazi wake wakiachana upande wa pili wa ukuta wa matofali mabichi. Yako maneno aliyoyasikia siku ile ambayo mpaka leo akimenya ndizi humjia. Alipokua akasema: mtoto mwingine asisikie. Basi akajenga.

Kesi ya Mbonea na Aikande ilikuwa ya mwisho katika majaribio. Ikimalizika, Wizara ingeamua kama Chekeche lipelekwe kila kata nchini. Sharti lilikuwa moja: katika kila shauri, Chekeche lisivuliwe kabla ya saini kutiwa. Kwa hiyo wazazi walilivaa vikaoni, kwenye simu, na hata langoni wakikabidhiana mtoto. Wasuluhishi nao walivaa ili wasiegemee upande wa anayelia zaidi. Atupele mwenyewe hakulivua kabisa, hata nyumbani. Alisema mpishi asiyeonja chakula chake si mpishi.

"Tumebakiza kipengele cha makazi ya mtoto," Bi. Rukia alitangaza kwenye kipaza sauti cha vyumba vyote. "Karani, soma."

Karani-mashine akasoma kwa sauti yake isiyo ya kike wala ya kiume. Nakijwa, mwenye umri wa miaka sita, ataanza darasa la kwanza. Mama anapokuwa mjini Moshi, mtoto atakaa kwa mama. Mama anapopanda Kibo kwa zamu yake, mtoto ataishi Myamba kwa baba, kwenye mashamba ya tangawizi.

Kipengele kilikuwa cha busara. Aikande aliongoza mitambo ya kupuliza baridi iliyokuwa ikiirudisha theluji ya Kilimanjaro, na zamu yake huko juu haikuwa ya kwenda na kurudi. Dirishani kwa Atupele Kibo kilionekana cheupe upande mmoja, kama kichwa cha mtu aliyeanza kuota mvi. Wageni walishuka kwenye treni za sumaku wakakitazama kwa mshangao, na wenyeji wakasema, "Kazi ya watu wetu hiyo," kama kwamba kila mmoja alibeba ndoo ya barafu. Mbonea naye alikuwa na roboti za kuvunia tangawizi milimani Upare, punda-chuma, aliziita. Miaka miwili walikuwa wameishi milima miwili, mpaka ndoa ikabaki ya kusalimiana.

"Ninakubali," alisema Mbonea. Hilo halikuwa na pumba.

"Mimi sikubali," alisema Aikande. "Twende mahakamani."

Bi. Rukia akazima kipaza sauti. "Mahakamani!" alimnong'oneza Atupele. "Huko mashine ya hakimu itachagua nyumba moja tu, iite makazi makuu, na mwingine awe mgeni wa Jumapili. Mtoto atakatwa katikati. Nenda kazungumze naye, mwanangu. Mimi atadhani namshawishi. Wewe fundi tu."

Atupele akamkuta Aikande kwenye jiko dogo la wageni, ameshika kikombe cha chai asichokinywa. Alikuwa mwanamke mrefu, mashavu yamebabuka kwa baridi ya juu.

"Dada Aikande, kipengele kina kasoro gani?"

"Hakina."

"Basi humwamini kulea?"

"Kulea?" Aikande akacheka kidogo bila furaha. "Mbonea analea kuliko mimi. Shida yangu ni nyingine. Ukikaa na mtu miaka minane, unamjua hata anavyokohoa. Huyu wa sasa simjui. Ananiongelesha kama tangazo la maji kukatika. 'Nimemleta mtoto kwa wakati. Naona umetoka kazini.' Na wakati anasema hivyo, anacheka! Meno yote nje! Ananidharau, Mhandisi. Angenitukana nisingejali, tungetukanana yakaisha. Lakini mtu anayekuongelesha kwa heshima huku anakucheka usoni, mtoto wangu akae kwake nusu ya mwaka ajifunze nini? Kumcheka mama yake?"

Chekeche lilichuja maneno, uso halikuugusa. Atupele alikuwa hajawahi kufikiria kwamba tabasamu likibaki peke yake, bila maneno yake, linaweza kuwa tusi.

Mlango ukasukumwa. Nakijwa aliingia na kitumbua mkononi na mafuta shavuni, nyuma yake roboti mlezi akimfuata taratibu kama kuku aliyeangua bata.

"Mama, tumemaliza?"

"Bado, mama. Futa mdomo."

Mtoto akafuta kwa mkono. Akamtazama mama yake kwa muda, jinsi watoto wanavyotazama jambo walilolibeba siku nyingi. "Mama, kwa nini siku hizi humjibu Baba?"

"Namjibu. Kila siku namjibu."

"Humjibu. Jana langoni alisema unanuka baridi kama samaki wa friji, akauliza huko mlimani unalipwa mshahara au unahifadhiwa usioze. Ukasema, 'Ndiyo, nimetoka kazini.'" Nakijwa aliiga sauti ya mama yake, kavu na ya adabu. "Zamani ungemwambia Mpare nenda kauze ng'ombe ukafungue kesi ya kuku. Mimi huwa nasubiri useme. Baba naye husubiri. Halafu huingia garini, hacheki tena."

Kikombe kikatua mezani. Aikande akamtazama Atupele.

Mtoto hakuvaa Chekeche. Sheria ilikataza kuwavisha watoto. Katika jengo zima lenye wasomi na mashine, ni yeye peke yake aliyekuwa amesikia yaliyosemwa.

Utani! Wapare na Wachaga ni watani tangu mababu. Mpare atamwambia Mchaga kwamba ukitaka kujua kama kweli amekufa, dondosha sarafu karibu yake. Mchaga atamwambia Mpare kwamba anapenda kesi kuliko chakula. Hakuna anayekasirika, maana kukasirika ndiyo aibu yenyewe. Na Atupele alilifundisha Chekeche kwa kumbukumbu za kesi za ndoa, sauti maelfu kwa maelfu za watu waliochukiana. Nani alipata kumpeleka mtani wake mahakamani? Basi utani haukuwamo. Kwa Chekeche, samaki wa friji alikuwa tusi kama tusi jingine, na likamtupa kwenye pumba.

"Nilimtania kikao cha kwanza kabisa," alisema Aikande taratibu. "Nikamwambia kwa kulea ana mikono ya bibi kizee wa Upareni, hata kinyonga angemnyonyesha akanenepa. Akanijibu, 'Asante kwa kutambua.' Kama karani. Nikajua basi, hata hilo limekufa."

"Alisikia kwamba unakubali ana uwezo wa malezi," alisema Atupele. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo.

Alirudi mezani kwake, akasimama mbele ya zile taa za kijani. Akimwachia Aikande aende mahakamani, majaribio yangeandikwa kwamba Chekeche halikuvuliwa. Kosa lingekuwa la wanandoa. Akiwavua, kesi hii ingehesabika imeshindikana, na huenda kata zote zile zisingemwona mwanawe kamwe. Bi. Rukia alimtazama, naye akamweleza kwa kifupi.

"Ukivua, yatatoka na mengine," alionya Bi. Rukia. "Mimi nimewahi kurushiwa kiti hapa."

"Najua."

"Na Wizara?"

Atupele alikuwa akimwona yule mtoto langoni, anasubiri mama yake aseme. Alijenga chombo hiki ili mtoto asisikie, na huyu alikuwa amekaa miezi mizima akiumizwa na alichokuwa hasikii.

Akaenda chumba chekundu. Mbonea alikuwa ameketi na kofia magotini, mtu mfupi, mikono imeingia rangi ya tangawizi.

"Kaka Mbonea, ulipomwambia mkeo samaki wa friji..."

"Kwani alikuja kushtaki?" Mbonea akainuka nusu. Kisha akakaa tena, mabega yakashuka. "Dada, mimi nilishakubali kuachwa. Tumeachana kwa heri, sina kinyongo. Lakini mke ndiye anayeachwa, mtani haachwi. Mimi nimzike nani na nani aje anizike? Marehemu baba yangu alipokufa, Aikande alikalia jembe pale kaburini, akasema hakuna kuchimba mpaka apewe kuku wake, maana mzee alikufa bila kumlipa. Watu wakacheka huku wanalia. Mama yangu ndipo alipokula, baada ya siku ngapi sijui. Mtu wa namna hiyo, leo nikimtania ananitazama kama mwizi. Hilo ndilo linaloniuma. Ndoa nimeshaililia, nikamaliza."

"Vua," alisema Atupele, akanyoosha kiganja.

Waliketi wote chumba kimoja, meza katikati. Punje mbili za choroko zilikuwa kwenye kisahani. Karani-mashine alisimama pembeni na kuonya kwamba utaratibu umekiukwa, akarudia, mpaka Bi. Rukia akamwambia anyamaze. Nakijwa alikaa mlangoni na roboti wake.

Mbonea aliitazama kofia yake, Aikande akakitazama kisahani. Walikuwa wamezoea ukuta.

Halafu Mbonea akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa utani.

"Nakijwa alipougua ile homa, ulichagua barafu."

Mkono wa Atupele ulikwenda wenyewe kwenye kisahani. Sikioni mwake neno lilifika limepepetwa, lakini uso wa Aikande ulimwonyesha lilivyo: ndilo lile la ukuta wa Tukuyu. Bi. Rukia akamshika kiwiko.

Aikande alibadilika rangi. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke.

"Ndiyo, mtambo uliharibika, nikapanda," alisema. "Na unajua kwa nini niliweza kupanda? Kwa sababu alikuwa mikononi mwako. Angekuwa kwa mtu mwingine yeyote chini ya jua hili, hata kwa mama yangu mzazi, mtambo ungeungua, theluji ingeyeyuka yote, na mimi ningekuwa nimekaa kitandani kwake. Nilipanda kwa sababu yako, Baba Nakijwa."

Mbonea aliikunja kofia, akaikunjua.

"Hilo hujawahi kuniambia."

"Nilikuambia kwa mikono ya bibi kizee."

Mbonea akamwangalia, haelewi. Aikande akamrudia yote, ya bibi kizee na kinyonga aliyenenepa. Mbonea akasikiliza mpaka mwisho, uso umekaza. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Kinyonga?"

"Kinyonga."

"Mchaga wewe, kinyonga mwenyewe ungeshampeleka sokoni. Angekuwa anabadilika rangi kila mteja akitaja bei."

"Na wewe ungemshtaki kwa kubadilika rangi bila kibali!"

Nakijwa alipiga kelele ya furaha pale mlangoni, akaangusha kitumbua. Aikande alikuwa anacheka na machozi hayajakauka, anajifuta kwa kanga, anacheka tena. Mbonea aliipiga meza kwa kiganja, "Bila kibali! Bila kibali!" kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika.

Hawakurudiana. Ni vizuri isemwe wazi, maana Atupele mwenyewe kwa dakika chache alitumaini. Vicheko vilipotulia, Aikande alivuta kishikwambi chenye mkataba, akasoma kipengele cha makazi kwa makini, akasema, "Nikiwa juu, akae kwa baba yake. Hapo nakubali kwa moyo wote." Akatia saini kwa kidole.

"Mimi sitii," alisema Mbonea.

Bi. Rukia alishika kichwa.

"Mpaka tuongeze kipengele."

"Nilijua!" Aikande akawageukia wote. "Nilijua! Mpare gani atasaini karatasi bila kuiongezea kesi?"

Wakakitunga wawili, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia. Karani-mashine alisema kipengele hakitekelezeki na kuomba afafanuliwe maana ya utani. Hapo Bi. Rukia akauchapa mkataba kwenye karatasi, akachukua kalamu ya wino, akaandika chini yake kwa mkono wake:

*Ndoa hii imefika mwisho wake kwa amani. Lakini utani wa Mpare na Mchaga wazazi hawa waliukuta. Hawakuuanzisha wao, wala hawana mamlaka ya kuuvunja. Watataniana langoni kila wanapokabidhiana mtoto. Na siku mmoja akitangulia, mwenzake atakuja msibani kudai kuku wake, na asinyimwe.*

Ndipo Mbonea naye akasaini.

Atupele alijaza taarifa ya Wizara akiwa amesimama. Aliandika kwamba katika shauri la mwisho Chekeche lilivuliwa kabla ya saini, na aliyelivua ni yeye. Alijisikia kama siku Lusajo alipoachia ukuta akatembea akaanguka: ameanguka, ndiyo, lakini sasa tunajua anakwenda wapi. Chekeche lijalo lisingetupa kitu kabla ya kuuliza. Na la kuuliza lingeulizwa Myamba, Machame, Tukuyu, kwenye arusi na misibani, si kwenye kumbukumbu za mahakama peke yake. Akaliandika hilo pia, kwa herufi kubwa.

Aliwasindikiza mpaka langoni. Juu ya jiji Kibo kilikuwa kimefunuka, cheupe upande ule mmoja, na Aikande alikitazama kidogo jinsi mtu anavyotazama nguo aliyoishona mwenyewe. Nakijwa alimshika baba yake mkono mmoja na mama yake mkono wa pili, kwa zile hatua zilizobaki hadi magari mawili.

Mbonea akageuka, akamwambia Atupele: "Asante, Mhandisi. Tumefurahishwa na huduma yako."

Aikande akainama kwa kicheko. Nakijwa akaziba mdomo.

Atupele alisimama. Akawatazama wale watatu wanaocheka, na sentensi ile ya adabu iliyolala sikioni mwake kama jiwe. Alikumbuka miaka miwili aliyokaa nyumbani na Chekeche sikioni. Alimkumbuka mumewe jioni, akisema jambo na kutabasamu, kisha akingoja kidogo, kisha akirudi kwenye sufuria zake.

Akatia kidole sikioni, akaitoa ile punje, akaishika kiganjani.

"Sema tena, kaka."

"Nimesema," Mbonea akapaza sauti mtaa mzima usikie, "huyu Mnyakyusa kachekecha unga, kamwaga unga, kapika pumba! Na bado anataka tumsifu kwa upishi!"

Kicheko kilimtoka Atupele kabla hajakijua, kikubwa, cha kutoka tumboni.

"Nenda zako, Mpare! Kesi yako imekwisha!"

"Nitakata rufaa!"

Magari yakaondoka, moja kuelekea mlima huu, jingine mlima ule. Atupele aliitia ile punje mfukoni, akaanza kutembea haraka kwenda nyumbani, sikio likiwa wazi.